Tasnifu Imenishinda: Ni Uvivu au Ninaumwa?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari niliyepewa ruhusa ya kusomea shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Masomo ya darasani niliyamaliza vizuri, lakini sura ya pili ya tasnifu iko kwa msimamizi wangu mwezi wa nne sasa, na kila nikimpigia simu ananiambia niwe na subira. Usingizi unakatika saa tisa usiku. Nikifungua kompyuta narekebisha nukta mbili tatu za ukurasa wa kwanza, kisha naifunga. Mume wangu anasema ni uvivu, nami nimeanza kuamini. Nifanye nini? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Mtu anayeamshwa saa tisa usiku na kazi yake ni vigumu kumwita mvivu.

Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika eneo la Flanders, ambapo asilimia 32 walionekana kuwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona (huzuni nzito inayodumu), au kuwa katika hatari ya kuupata. Flanders si Mbagala, lakini mambo yaliyohusishwa na hali hiyo utayatambua: mvutano kati ya kazi na familia, kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe, na jinsi msimamizi anavyoongoza.

Kwa hiyo nianze na msimamizi. Simu haiachi kumbukumbu. Mwandikie barua pepe ya heshima, utaje tarehe uliyowasilisha sura hiyo na umwombe akupangie siku ya kuijadili. Zikipita wiki mbili bila jibu, mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yako, na nakala umpe msimamizi. Wanafunzi wengi huogopa hatua hii wakidhani ni kushitaki mkubwa, ilhali kufuatilia maendeleo yenu ni sehemu ya kazi ya mratibu. Wakati unasubiri, anza sura ya mbinu za utafiti, ambayo haihitaji maoni ya sura ya pili ili iandikike, na uianze katika faili jipya, usiuone kabisa ule ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo, barua pepe haitibu ugonjwa. Ikiwa huzuni, au kutofurahia hata yale uliyokuwa ukiyapenda, kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na huo usingizi wa mang'amung'amu, nenda ukamwone mshauri nasaha wa chuo au daktari. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.

Mumeo naye mwombe akusindikize, asikie mwenyewe maelezo ya daktari.