Jibu: Fidla ya ukubwani na klabu ya taarabu

Ndugu yangu, umeuliza kama miaka miwili ya fidla, tena uliyoanza ukubwani, inatosha kujiunga na klabu ya taarabu hapa Unguja. Inatosha, njoo. Klabu hizi zimejaa watu wa ridhaa. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na wapigaji wengi mchana wana shughuli zao. Mimi nauza vitambaa, na anayekaa kushoto kwangu ni fundi umeme.

Nota zisikutie hofu. Kinachowasumbua wageni ni sikio. Ukiingia kwenye maqamu, yaani mpangilio wa sauti, ya rasti, ile sauti ya tatu haikai pale ulipofundishwa, inashuka kidogo tu. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ana vibati vyake vya kupandisha na kushusha nyuzi, wewe una kidole basi. Mimi ilinichukua miezi kukizoesha, na bado siku za baridi kinanisaliti.

La pili ni kunyamaza. Usiku wangu wa kwanza jukwaani mwimbaji alianza ubeti, fidla zote kimya, yangu peke yake inalia. Mzee wa udi hakunigombeza, alinikanyaga mguu taratibu huku akiendelea kupiga.

Kwa hiyo kaa nyuma, bega kwa bega na mkongwe, piga kwa sauti ndogo. Bashrafu, ile muziki ya ala tupu ya kufungulia, irekodi kwenye simu ukaipigie nyumbani. Na mazoezini usichelewe, chai huisha mapema.