Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Uliza Pakiti Yako Imeishia Stesheni Gani

Mwaka juzi, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, nilimgharimu mama mmoja wa Kanyenye, hapa Tabora, siku tatu za biashara. Ana steshonari yenye kompyuta tano, ruta (kifaa kinachopitisha data kwenda nje na kurudi) ya kampuni inayompa intaneti, na swichi ndogo, ile inayounganisha kompyuta kwa waya, iliyofungwa ukutani juu ya mashine ya kutolea kopi. Vijana walipanga foleni mpaka nje chini ya mwembe, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Ndani, kompyuta mbili zinapiga kazi, tatu hazifungui kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kifurushi nimeongeza mara mbili mwezi huu, na bado mtandao unanigomea. Tena unabagua. Jana ilikuwa ile ya dirishani, leo hizi tatu."

Nikakaa kwenye mojawapo ya zile tatu, nikafungua dirisha la amri, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta na lango lake, yaani kifaa inachopitia kutoka nje. Nikanakili namba ya lango kama ilivyokuja kwenye skrini, nikaliita kwa ping, amri ya kuita kifaa na kusubiri kikujibu. Likajibu ndani ya milisekunde moja. Nikaita nje: kimya. Nikaona nimeshapata jibu, kwamba ndani ni salama na ubovu uko kwa kampuni. Tukawapigia simu. Kesho yake wakasema laini yao ni nzima, nikabishana nao. Siku ya tatu ndipo nilipoisoma vizuri ile namba niliyokuwa naiita tangu mwanzo.

Nitarudi kwake. Kwanza nieleze jambo ambalo ningelishika kichwani siku ile, tusingefika siku ya pili.

Nimekulia karibu na stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Ndiyo maana treni ikitoka Dar es Salaam, hapa kwetu ndipo mabehewa yanapoachana. Sasa fikiria mzigo wa kwenda Mpanda. Mtu wa Tabora hana haja ya kujua stesheni zote za kule Mpanda, wala nyumba ya mwenye mzigo. Anachohitaji kujua ni kwamba mzigo wa Mpanda unashika njia ya magharibi pamoja na wa Kigoma. Ukifika Kaliua, njia panda nyingine, wa Kaliua ataamua hatua inayofuata. Mzigo unafika ingawa hakuna mtu hata mmoja njiani aliyeibeba ramani nzima kichwani.

Ruta inafanya kazi hivyo hivyo. Ina jedwali la njia, na ndani yake kuna maneno machache tu yenye maana hii: anwani zinazoanza na namba hizi, mpe jirani huyu, zinazoanza na zile, mpe yule, zilizobaki zote, zipitishe mlango huu. Ule mlango wa "zilizobaki zote" ndio tunaouita lango. Kompyuta yako ya dukani nayo ina jedwali la aina hiyo, dogo kabisa. Inachojua ni wenzake waliomo chumbani, na lango. Ukifungua tovuti iliyoko Ulaya, kompyuta yako haijui Ulaya iko wapi. Inachofanya ni kulikabidhi lango na kuliamini.

Na inachokabidhi ni vipande, ndivyo tunavyoviita pakiti. Picha ya megabaiti 3 haisafiri nzima. Mitandao yetu mingi ya waya hubeba pakiti isiyozidi baiti 1,500, kwa hiyo picha hiyo moja inakatwa vipande zaidi ya 2,000. Kila kimoja kina anwani ya kinakotoka, anwani ya kinakokwenda na namba yake ya mfuatano, na kila kimoja kinaamuliwa peke yake katika kila ruta. Cha 700 kinaweza kufika kabla ya cha 699. Upande wa pili unapanga kwa namba, unakiri kupokea, na kilichopotea kinatumwa tena. Wazo hili la kukata ujumbe vipande na kuviachia vijitafutie njia lilizaliwa miaka ya 1960 kwa watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushirikiana, Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Kabla ya hapo, kuongea na mtu kwa simu kulimaanisha kushika njia nzima peke yako mpaka mtakapomaliza. Kwa kuvikata vipande, watu elfu wanatumia njia moja, na njia ikikatika vipande vinazungushwa kwingine.

Mimi nikiona picha ya mjukuu aliyeko Mwanza imefunguka kwenye simu ya bibi yake pale Isevya, nawaza hivyo vipande elfu mbili na wote waliovipokea na kuvisukuma mbele bila kujua ni picha ya nani. Nimefanya kazi hii miaka tisa na bado inanigusa.

Ushauri wangu wote unatoka hapo. Kwa kuwa kila nodi, yaani kila kifaa njiani, inajua hatua inayofuata tu, mtandao ukigoma usiulize "intaneti ipo au haipo?" Uliza hatua kwa hatua, ukianza na jirani wa karibu kabisa, na kila anayejibu uhakikishe ndiye uliyemkusudia. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyonishinda Kanyenye.

Siku ya tatu niliandika ipconfig kwenye kompyuta inayofanya kazi, nikaigeuza skrini, nikaiweka kando ya ile iliyogoma. Nzima ilisema lango ni 192.168.1.1. Mbovu ilisema 192.168.0.1. Tarakimu moja. Duka lilikuwa na malango mawili, na hakuna aliyejua.

Nikamuuliza mama kama kuna kifaa kipya. Akamwita mwanawe. Kijana akanipeleka chumba cha nyuma wanakohifadhi rimu za karatasi, akanionyesha ruta ndogo aliyotoka nayo bwenini. Alitaka waifai ifike kule nyuma, akachomeka waya kutoka kwenye swichi, taa zikawaka, akaridhika. Alikuwa na nia njema kabisa, na kila mtu angefanya vile.

Tatizo lilikuwa hili. Kompyuta ikiwashwa asubuhi haina anwani. Inapaza sauti chumbani: jamani, kuna wa kunipa anwani? Kazi ya kujibu, inayoitwa DHCP, huwa ya ruta. Sasa ruta zilikuwa mbili, zote zinajibu, na kompyuta inashika la yule aliyewahi. Iliyowahiwa na ruta ya kampuni ilipewa lango lenye njia ya kutoka. Iliyowahiwa na ruta ya kijana ilipewa lango lisilo na mlango wa nyuma: tundu lake la kwenda nje halikuwa na waya wowote. Kila pakiti iliyokabidhiwa pale iliishia pale. Na nilipoliita lango hilo lilijibu haraka, maana lilikuwa hai, liko mita sita tu nyuma ya ukuta. Mama alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba mtandao unabagua na kila siku unabadilisha wa kuwabagua. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili yenyewe, nikaipita. Mtumiaji akikueleza jambo ambalo halilingani na hitimisho lako, simama kwanza.

Tiba ilichukua dakika kumi. Niliingia kwenye ruta ya kijana, nikazima DHCP yake, nikaipa anwani 192.168.1.2 isigongane na ile kubwa, nikahakikisha waya wake umechomekwa kwenye matundu ya ndani. Waifai ya chumba cha nyuma ikabaki, na kompyuta zote tano zikapata lango moja. Nikamrudishia mama hela yake ya ufundi.

Kwa hiyo ukiitwa mahali, au likikukuta ofisini kwako, anza na ipconfig kabla ya jambo lolote. Tazama anwani, tazama lango, linganisha na kompyuta iliyo nzima. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani na hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Tafuta waya uliochomoka au swichi iliyozimika. Anwani ikiwa sawa, liite lango. Lango likijibu, ita nje kwa namba, mimi hutumia 8.8.8.8 ya Google. Namba ikijibu lakini jina la tovuti halifunguki, njia ni nzima, kilichokwama ni huduma ya kubadili majina kuwa namba, na hilo mara nyingi linaisha kwa kubadili mipangilio ya DNS.

Lango likijibu na nje pakawa kimya, tumia tracert. Amri hii naipenda kuliko zote kwa jinsi ilivyobuniwa. Kila pakiti hubeba namba ya umri, na kila ruta inayoipokea hupunguza moja. Ikifika sifuri, ruta hiyo huitupa na kumwarifu aliyeituma. Lengo la asili ni kuzuia pakiti zilizopotea zisizunguke milele. Tracert inaitumia kanuni hiyo kuchora njia: inatuma pakiti yenye umri wa 1, inafia kwenye ruta ya kwanza, ruta inajitambulisha, inatuma ya umri wa 2, inafia kwa ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Unabaki na orodha ya stesheni zote na muda wa kufika kila moja.

Jihadhari na nyota. Ukiona mstari wenye nyota tatu katikati ya orodha na mistari ya chini yake inajibu vizuri, hapo hakuna ubovu. Ruta nyingi zimeamriwa zisijibu wauliza njia ingawa mizigo zinapitisha. Nyota za kukutia wasiwasi ni zile zinazoanza mahali na kuendelea mpaka mwisho.

Na muda usomwe kwa akili ya umbali. Mwanga unaobeba data ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kutoka Tabora mpaka Dar na kurudi haiwezi kuwa milisekunde sifuri hata ukinunua kifurushi cha gharama gani, na kwenda Ulaya na kurudi mara nyingi huvuka milisekunde 100. Kifurushi kikubwa kinapanua njia. Hakiisogezi Ulaya karibu. Watu wengi wananunua upana wakati wanachoumizwa nacho ni umbali, au upotevu.

Upotevu ndio mbaya zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja Cheyo, wanasema intaneti nzito. Tuma ping nne, zote zinarudi. Nikaandika ping -n 200 na kusubiri: saba hazikurudi. Saba kwa mia mbili unaweza kudhani ni kidogo, lakini kila inayopotea humfanya mtumaji adhani njia imejaa, apunguze kasi, atume tena. Nikaufuata waya kwa mkono, toka kwenye kompyuta hadi kwenye swichi. Chini ya kabati la mafaili mguu wa chuma ulikuwa umeukalia, ganda limepasuka, nyuzi mbili zimebonyea kama uzi uliotafunwa. Mita kumi za waya mpya zikamaliza maneno.

Kuna siku ubovu uko mbali kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na nchi nzima ikalemewa. Simu yangu haikutulia. Nilipima kutoka nyumbani: pakiti zangu zinafika Dar bila shida, baada ya hapo ama zinapotea ama zinachelewa mno. Kampuni kubwa huarifiana zenyewe kwa itifaki iitwayo BGP: kwangu mnaweza kufikia anwani hizi, njia yangu ile imekufa, pitieni huku. Njia ziliporudi nyembamba, ndipo pakiti zilipojipanga foleni. Hakuna fundi wa Tabora angeweza kulitibu lile, na niliwaambia wateja wangu wazi wasinilipe nauli ya kuja kuangalia. Kujua kwamba si kwako nako kunaokoa hela.

Mama wa Kanyenye nilimwachia karatasi, ameibandika ukutani kando ya bei za lamination. Ina namba ya lango lake, anwani ya mashine ya kuchapia, na 8.8.8.8. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili asubuhi.

"Mwanangu, lango ni lile lile la moja nukta moja, nimelisoma, na linajibu. Hatua ya pili kimya, na zote tano ziko hivyo hivyo."

Nikamwambia aipigie simu kampuni moja kwa moja, awaeleze kama alivyonieleza mimi. Saa nne walikuwa juu ya nguzo mbele ya duka lake.