Barua kwa mwanangu: hiyo karatasi ya pili

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza usajili kampuni kabisa au uanze kwa jina lako tu, maana mteja wa kwanza wa hiyo kazi ya softwea kapatikana na anataka muanze wiki ijayo. Sawa. Ila mi nauliza, mkataba wake umeusoma? Wote, mpaka herufi ndogo?

Kampuni ina faida yake, sibishi. Tangu kesi ya Salomon kule Uingereza mwaka 1896 inajulikana kampuni ni mtu mwingine na wewe mtu mwingine, deni lake si lako. Haya, lakini huyo mtu mwingine hana mkono, anasaini kwa mkono wako! Mimi kampuni nilikuwa nayo, si unalikumbuka lile faili la kijani ambalo mama yako hataki hata kuliona. Mteja akaniletea karatasi mbili, ya kwanza mkataba wa kampuni, ya pili nikaambiwa ni utaratibu tu, nikasaini nimesimama, kumbe nimeidhamini kampuni mimi mwenyewe, ikidaiwa nalipa mimi. Programu ya stoo ilipoanza kuhesabu mzigo mara mbili wakadai hasara yote, mpaka mauzo waliyosema wameyakosa, na kampuni wala hawakuihangaikia, wakanifuata mimi. Bima ya makosa ya kazi? Nilikuwa nayo, nikaikatisha kazi ilipoisha nikijiona mjanja. Bima za namna hii nyingi zinaangalia kama iko hai siku unayodaiwa, si siku uliyofanya kazi.

Kosa langu? Nusu. Data walizoingiza zilikuwa chafu na niliwaambia, ila kwa simu. Kwa simu! Ndo maana nawaimbia kila siku, mali bila daftari hupotea bila habari. Cheka tu.

Kwa hiyo tafuta kwenye mkataba kikomo cha fidia, wengi wanaweka isizidi malipo ya kazi yenyewe, na faida walizokosa wao zisiwe juu yako. Iandikwe pia nani anaipokea kazi na kuikubali, ndani ya siku ngapi. Kodi nayo uiangalie, yaani kodi ya programu, yale maandishi unayoiandikia, siyo kodi ya serikali: nchi nyingi usipokuwa mwajiriwa inabaki yako mpaka uihamishe kwa maandishi, sasa angalia wasibebe na ile ya zamani unayoitumia kwa kila mteja.

Ingawa tena, ningekuwa mwoga hivi wakati ule nisingeshika kazi yoyote, na kazi hizohizo ndo zilikulipia ada. Sijui. Mama yako anasema nakutisha bure.

Kusajili au kutosajili sikwambii, we mtu mzima. (Sajili.) Ila kama kuna karatasi ya pili, ipige picha unitumie leo, kabla hujashika kalamu.

Baba yako