Uso wa bibi umegeuka sura ya mtu mwingine baada ya kusafishwa

Ndugu, umesema picha ya pasipoti ya bibi uliipitisha CodeFormer, programu ya akili bandia ya kusafisha nyuso kwenye picha, ikatoka safi, lakini shangazi zako hawamtambui. Programu haikukosea njia: pale ambapo picha haina taarifa, inajaza kwa nyuso ilizojifunza. CodeFormer ilifunzwa kwa FFHQ, mkusanyiko wa picha 70,000 za nyuso zilizotolewa Flickr, mtandao wa kuweka picha. Chale za usoni kama za bibi ni nadra humo, hivyo inaweza kuzifuta kama uchafu.

Anza upya na karatasi yenyewe, si nakala ya WhatsApp. Iskani kwa nukta 600 kwa inchi, uhifadhi kama faili la PNG. Uso wa upana wa sentimita 2 utakupa pikseli kama 470. Programu hufanya kazi kwenye uso wa 512 kwa 512, kwa hiyo haitalazimika kubuni sana. Mikunjo ya karatasi izibe kwanza kwa mkono, maana ufa unaopita shavuni hugeuzwa kunyanzi.

Kisha angalia kipimo cha w, kinachoamua programu ifuate picha ya asili kwa kiasi gani. Kikiachwa kilivyo ni 0.5, kadiri unavyokaribia 0 uso unang'aa lakini si wake. Jaribu 0.7, 0.8 na 0.9, uzipange pamoja na picha ya asili, ukague kope, pembe za mdomo na zile chale. Chale zikipotea hata kwenye 0.9, weka picha ya asili juu kama tabaka kwenye programu ya kuhariri picha na urudishe sehemu hiyo tu.

Tafadhali usiitupe ile ya asili. Na nyuma ya nakala mpya andika kwamba imesafishwa kwa kompyuta, wajukuu wajue.