Kaskazi inabisha hodi: maswali yenu kuhusu AC

Kusi imeshalegea, na anayepita Digo Road saa saba mchana anajua kinachofuata. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Mombasa hucheza kwenye nyuzi 31 mpaka 33, na usiku fukuto halimpi mtu usingizi kwa sababu hewa yetu imejaa maji. Barua za wiki hizi karibu zote ni za AC. Nafurahi mmeuliza mapema, maana Januari kila fundi mzuri ana foleni, na mtu mwenye joto hukubali bei yoyote na kazi yoyote.

Assalamu alaikum fundi. AC ya sebuleni hatujaiwasha tangu Mei. Niiwashe tu au kuna la kufanya kwanza? (Mama, Tudor)

Wa alaikum salaam mama. Subiri kwanza. Zima swichi yake ya ukutani, usitegemee rimoti pekee. Inua kifuniko cha mashine ya ndani, chomoa zile nyavu za filta, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uzianike kivulini. Juani hupinda, zikirudi hazikai sawa na vumbi hupita pembeni.

Halafu nenda nje. Miezi ya kusi mashine iliyolala huwa nyumba ya wengine: panya hutafuna waya, mjusi hukauka juu ya bodi ya umeme, sisimizi hujazana kwenye swichi inayowasha kompresa (pampu inayosukuma gesi) mpaka isishike. Toa majani na taka zilizozunguka mashine, acha nafasi ya futi moja hivi kila upande. Ukiona waya ulioliwa, usiguse wala usifungue kifuniko cha umeme. Kapasita iliyo ndani hubaki na stima hata swichi ikiwa imezimwa, na inaweza kukurusha vibaya. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ukimaliza rudisha filta, washa ubaridi, na uiache dakika 15. Ukiwa na kipimajoto, pima hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, AC yako ni nzima. Ikiwa chini ya hapo, soma jibu linalofuata kabla hujampigia mtu simu.

Na kusi ijayo usiifunge kwa nailoni. Nailoni hufungia unyevu ndani na kutu huanza. Iwashe robo saa kila wiki mbili, inatosha.

Kila Desemba AC yangu haipozi. Fundi huja, hujaza gesi, namlipa. Mwaka unaofuata ni yale yale. Ni kawaida gesi kuisha? (Baba wa watoto wanne, Bamburi)

Hapana, ndugu yangu, na hili natamani kila nyumba ya Mombasa ilijue. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya paipu kama damu mwilini, ikigeuka maji na kurudi kuwa gesi, mwaka nenda mwaka rudi. Mashine iliyofungwa vizuri hufanya kazi na gesi ile ile mpaka siku inapotupwa. Ikipungua, imevuja. Anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia kitu kitakachopotelea hewani, na wewe unalipa tena Desemba.

Kwanza hakikisha shida ni gesi kweli. Mara nyingi nikiitwa kujaza, nakuta filta imevaa blanketi la vumbi, au mashine ya nje imezibwa na chumvi. Hewa isipopita, ubaridi haufiki chumbani. Barafu ikiganda kwenye paipu au kwenye koili ya ndani (zile paipu zilizokunjwakunjwa ambazo hewa hupitia ipoe), wapo wanaosema gesi imezidi. Sivyo. Ama hewa haipiti, ama gesi imepungua. Zima, acha barafu iyeyuke yote, safisha, jaribu tena.

Ikiwa imebaki vile vile, basi tafuteni tundu, na mara nyingi huonekana kwa macho. Mwambie fundi abandue ile sponji nyeusi pale paipu za shaba zinapoingia mashine ya nje, azifichue nati. Gesi ikitoka hutoka na mafuta kidogo ya kompresa, kwa hiyo palipovuja huwa na doa jeusi lililonasa vumbi, linaloteleza ukiligusa. Apake povu zito la sabuni kwa brashi, kisha atulie. Asiondoe macho. Tundu dogo halifoki. Hutoa kipovu kimoja, kinakua, kinapasuka, kingine kinatokea pale pale. Hapo hapana ubishi tena. Pengine ni ncha ya paipu iliyochanuliwa, yaani kupanuliwa mdomo ishikwe na nati, vibaya siku ya kufunga. Hukatwa na kuchanuliwa upya, na pesa ya kila mwaka inakomea hapo. Sabuni isipoonyesha kitu, mashine hujazwa naitrojeni kwa presha na kuachwa ionekane kama presha inashuka.

Baada ya kuziba, na kabla ya gesi mpya, hewa na unyevu lazima vinyonywe kwa pampu ya vakyumu. Usikubali hatua hii irukwe. Unyevu ukibaki ndani huzaa asidi, na asidi hiyo hula kompresa polepole mpaka siku inaungua. Fundi awe pia na mizani, kwa sababu kibandiko cha mashine kimeandika aina ya gesi na gramu zake. R22, R410A na R32 hazichanganywi, na kila mashine ina yake. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asivute mtu sigara hapo wala asichomelee mtu paipu ikiwa na gesi ndani.

Kama kibandiko chako kinasema R22, fikiri mara mbili kabla ya ukarabati mkubwa. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Kwa nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, mwisho ni 2030. Koili ya mashine ya R22 ikitoboka, mimi ningeweka pesa hizo kwenye mashine mpya.

Tunakaa ghorofa ya nne Nyali, upande wa bahari. Mashine ya nje ina kutu na yale mabati yake membamba yanapukutika. Naiosha kwa maji ya kisima kila mwezi lakini haisaidii. (Msomaji, Nyali)

Dada yangu, kuosha ni sawa. Tatizo ni maji. Visima vingi vya huko vina chumvi. Unaondoa chumvi ya upepo, unapaka ya kisima. Maji ya mwisho yawe ya mfereji, hata ikibidi ununue mtungi mmoja wa lita 20 kwa kazi hiyo tu. Yamwagie taratibu, mashine ikiwa imezimwa. Usilete ile pampu ya kuoshea magari, hulaza mapezi ya alumini yote, yaani hayo mabati membamba, na hewa haipiti tena. Pitisha kidole kwenye mapezi: yakikuachia unga mweupe, alumini pale imekwisha na hakuna dawa itakayoirudisha. Ukinunua nyingine, omba yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu, na kama jengo linaruhusu, ifungwe upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja.

Lakini lililonishtua katika barua yako ni hilo neno kutu. Umeangalia vyuma vilivyoibeba? Mashine ya nje ina kilo 25 hadi 40, na iko ghorofa ya nne, juu ya njia ambayo watu wanapita na watoto wanacheza. Kutu huanza nyuma, pale boliti zinapoingia ukutani, ambapo unyevu haukauki na jicho halifiki. Rangi ya mbele inaweza kuwa safi kabisa na nyuma chuma kimekuwa maganda. Mwite fundi wiki hii, si mwezi ujao, akague kila boliti. Zilizochoka zibadilishwe kwa stenlesi, na vyuma viwe vilivyochovywa zinki. Mpaka akague, wazuie watoto wasicheze chini yake. Nawaomba wote wanaoishi ghorofani, kuanzia Kizingo hadi Mtwapa, mwangalie jambo hili.

Mashine ya ndani inadondosha maji ukutani, rangi inabanduka. Ni gesi? (Likoni)

Mara nyingi si gesi. Mpira wa kutolea maji huwa umeziba. Ndani yake huota utelezi, na maji yakikosa njia hurudi chumbani. Zima, tafuta ncha ya mpira huo nje, uvute uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi ikiwa unayo, kisha mimina kikombe cha siki nyeupe kwenye sinia ya maji ndani, iache nusu saa, halafu maji safi. Dawa za klorini usitumie, zinakula shaba na alumini. Yakiendelea kudondoka, huenda mashine imeinama upande usiofaa au mpira umepanda mahali; maji hayapandi mlima.

Tokeni zinaisha mbio. Nyuzi 16 hupoza haraka kuliko 24? (Kongowea)

Hapana, hasa kwa mashine za kawaida zisizo za inveta (inveta hubadilisha kasi ya kompresa zenyewe). Kompresa huzunguka kwa nguvu ile ile. Ukiweka 16 haitasimama tu. Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula kama kilowati moja kompresa ikizunguka, yaani karibu uniti moja kwa saa. Weka 25 au 26 na uwashe pangaboi pole pole. Usiku wenye fukuto kuliko joto, jaribu alama ya tone kwenye rimoti, ile ya kukausha hewa. Pazia zito upande wa magharibi nalo linasaidia.

Chumba cha futi 12 kwa 14, Mji wa Kale. Muuzaji anasema nichukue BTU 24,000. (Mzee wa mtaa)

Shikamoo mzee wangu. BTU 12,000 zinakutosha. Mashine kubwa kupita chumba hupoza upesi na kuzima kabla haijakausha hewa, ukabaki na baridi yenye unyevu, na kuta za mawe na chokaa zikaota ukungu. Kuta zenu nene hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo anza kuiwasha kabla ya Magharibi badala ya saa ya kulala. Ziba nyufa za madirisha ya mbao. Mashine ya nje ikae uani. Kabla ya kutoboa ukuta wa mbele uliza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa, kwa kuwa mji huo unalindwa.

Yale maji ya AC, naweza kuyatumia? (Mama, Majengo)

Kudekia, kufulia, kumwagilia maua, ndiyo. Hayana chumvi, hata mashine ya nje unaweza kuisuuza nayo. Kunywa au kupikia, usithubutu. Yamepita kwenye vumbi na ukungu.

Stima inakatika na kurudi mara tatu kwa saa. Nifanyeje? (Changamwe)

Funga kinga ya umeme ya AC, yenye kuchelewesha dakika kadhaa stima ikirudi. Kompresa ikilazimishwa kuanza presha ikiwa bado juu, huungua. Ile ya friji haitoshi mzigo wa AC, kwa hiyo soma ampea zake kabla hujalipa. AC iwe na waya wake kutoka kwenye breka, isichomekwe kwenye ekstensheni. Mpaka uipate kinga hiyo, stima ikikatika zima swichi ya ukutani, na ikirudi hesabu dakika tano ndipo uwashe.