Jibu: Nyumba ya kasisi Alfriston, moshi ulitokea wapi?

Salaam mkuu. Umekwama kwenye mchoro wa Alfriston Clergy House, nyumba ya kale ya kasisi katika kijiji cha Alfriston, Uingereza: huoni pa kuweka bomba la moshi ukumbini, na ghorofa za pembeni zimetokeza mbele ilhali ukingo wa paa umenyooka.

Anza na ukumbi. Nilipoichora mimi nilipoteza siku mbili kwa kuuwekea ghorofa. Kama nawe umeiweka, futa! Nyumba ni ya karne ya 14, ukumbi wake uko wazi hadi kwenye kenchi. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukapanda na kupenya juu, ndiyo maana kenchi za nyumba za aina hii hukutwa na masizi.

Ukingo wa paa hufuata ghorofa zilizotokeza. Ukuta wa ukumbi umebaki nyuma, hivyo mbele yake chora mihimili iliyopinda inayobeba ukingo huo. Fremu ni ya mwaloni. Mwinamo wa paa la nyasi uwe mkali, karibu nyuzi 50, la sivyo maji hutuama na nyasi kuoza.

Na tafadhali usiisahau sakafu: chaki (jiwe laini jeupe la chokaa) iliyoshindiliwa ikazibwa kwa maziwa yaliyochacha. Naipenda mno. National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo ya kale na mandhari, waliinunua nyumba nzima mwaka 1896 kwa pauni 10.