Toleo 1.4.0 lililoniumbua Kariakoo

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nimetoa 1.4.0 lakini pip inaniambia 0.1.dev1. Nimelogwa?" (pip ndiyo chombo cha kufunga programu za Python kwenye kompyuta.) Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mwaka jana mimi nililogwa hivyo hivyo.

Nilikuwa namtengenezea mteja wa Kariakoo, muuza vipuri, programu ya stoo kwa Python. Nikapanda mwendokasi Kimara, nimebanwa mlangoni, toleo jipya liko kwenye flashi mfukoni. Dukani nikaisakinisha kwenye kompyuta yake, nikaandika pip show, amri ya kuonyesha toleo, kwa mbwembwe mbele yake: 0.1.dev1+g, halafu msururu wa herufi. Akavua miwani. "Sasa fundi, hii ni mpya au ya zamani?" Vijana wake wakaangua kicheko. Pesa ya awamu ya pili alinizungusha wiki tatu, na sitasema uongo, bado inaniuma.

Uchawi wenyewe ulikuwa huu. Setuptools-scm, chombo kinachoipa programu nambari ya toleo, huisoma kwenye tagi za Git, yaani alama unazobandika kwenye historia ya msimbo. Tagi yangu ilibaki kwenye laptopu, maana git push ya kawaida, amri ya kupeleka msimbo GitHub, haipeleki tagi. Nikaipeleka kwa git push --tags. Bado 0.1.dev1! Nikahangaika mpaka saa nane usiku, umeme nao ukakatika (Sinza hiyo). Kulipopambazuka ndipo nikaitazama ile 1 ya mwisho. Pasipo tagi, namba hiyo ni idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zinazoonekana. Mimi nina komiti zaidi ya mia mbili! Kumbe GitHub Actions, huduma iliyokuwa inanijengea faili la programu, ilikuwa inachukua komiti moja tu ya mwisho, bila tagi, kwa sababu actions/checkout, hatua yake ya kuchukua msimbo, ndivyo ilivyo usipoiambia vingine. Nikaandika fetch-depth: 0, yaani ichukue historia yote, ikatulia.

Kwa hiyo mdogo wangu, peleka tagi. Angalia kina cha checkout. Na peleka tagi, narudia. Usikimbilie kuandika nambari kwa mkono kwenye faili tatu, utasahau moja. PyPI, ghala la mtandaoni la programu za Python, nayo haisamehi: jina la faili likishatumika halirudiwi, hata ukilifuta. Vijana tunapenda kuonyesha kabla ya kukagua. Nambari ile ilikuwa imeandikwa kwenye jina la faili la .whl, kifurushi chenyewe cha programu, ndani ya flashi yangu, tangu Kimara. Sikuisoma.

Mzee wa vipuri siku hizi ameijua pip show. Nikifika tu, ananigeuzia skrini kabla hata ya salamu.